Wakuu, mtaa wetu umeombwa barua ya kuruhusu dubwi (mashine za kamari za sarafu), mimi ni mjumbe na kikao ni Jumapili. Nisaidieni mawazo

#1 (mleta uzi)

Wakuu salama. Niko Tanga mjini, huku Ngamiani, barabara ya ngapi sitasema maana wahusika wengine wamo humu humu na mwenyekiti wangu najua anasoma nyuzi usiku akikosa usingizi.

Nina duka la rejareja, unga, mafuta ya kupima, vocha, sabuni za kipande, vitu vya mtaani. Na tangu ule uchaguzi wa Novemba 2024 ni mjumbe wa serikali ya mtaa, kazi ambayo nilidhani ni ya kusuluhisha ugomvi wa maji machafu na kugonga mihuri basi.

Sasa kuna jamaa kachukua fremu mbili za kona, katoboa ukuta wa kati zimekuwa moja, kapiga rangi, kaweka feni. Anataka kuweka mashine za dubwi kumi. Kaja ofisini kistaarabu kabisa, kavaa shati limepigwa pasi, anaomba barua ya mtaa kwamba hatuna pingamizi ili aiambatanishe kwenye maombi yake. Na kabla hajaondoka akasema kama kuahidi tu, kwamba akianza kazi atatununulia viti 50 vya plastiki vya msiba na turubai jipya. Turubai letu wakuu lina matundu, msiba wa mwezi wa nne mvua ilitunyeshea tukiwa tumekaa chini yake, kwa hiyo alijua anagusa wapi.

Najua leseni sio yetu, leseni ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, sheria yake ni ya 2003. Sisi tunaombwa karatasi moja yenye mhuri. Lakini ofisini tumegawanyika vibaya, wawili wanataka viti, wawili hawataki hata kusikia, na mwenyekiti anasema "tuwaachie wananchi" maana yake hataki lawama. Mimi ndo wa tano.

Kiukweli nilikuwa sina shida nalo. Mashine mbili zipo tayari kule kwenye kibanda cha puli tebo, zimekuja usiku kwenye guta na hakuna aliyeomba barua. Tumezizoea kama tulivyozoea kelele za welding. Nikawa nasema mtu mzima na hela yake, shida iko wapi. Sasa hivi sina uhakika. Mnasemaje?

#2

Kataeni. Uzi ufungwe.

#3

Mkuu mimi nitakuwa tofauti. Hizo fremu zilikuwa zimefungwa muda gani? Jamaa kaja na mtaji wake, ataajiri wadada wawili wa kuchenji na mlinzi wa usiku, atalipa kodi ya fremu kwa mwenye nyumba ambaye yawezekana ni mjane, mnamkatalia kwa lipi? Afu mnajidanganya, kijana wa leo kasino iko mfukoni. Anacheza kindege, ile kamari ya kwenye simu, kitandani saa nane usiku mke kalala pembeni, mkeka wa kubeti mechi anatuma kwa simu, hela inakatwa kwenye simu. Mtaa wenu utazuia minara? Mtamnyima huyu wa kwenye fremu ambaye mnamuona na kumjua halafu yule msiyemuona anaendelea kula. Mwacheni afanye kazi mradi analipa.

#4

Suratul Maida aya ya 90 imemaliza kila kitu, ulevi na kamari vimetajwa pamoja kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, basi jiepusheni navyo. Tanga yetu hii ya madrasa na maulidi leo tunajadili dubwi. Mjumbe muogope Allah, mhuri huo utaulizwa.

#5

#4 heshima yako sheikh, aya ni aya. Lakini ofisi ya mtaa sio msikiti, ina waislamu, wakristo na wasio na habari na yoyote. Ukienda na hoja hiyo peke yake jamaa atakujibu mbona baa ipo mita mia toka hapo na mlishaipitisha. Tafuteni hoja ambayo hata asiyeswali ataikubali.

#6

Nimefanya kazi ya kukusanya hizi mashine miaka miwili, Tanga na Muheza, niwaambie inavyokwenda. Mwenye mashine ni mmoja, mwenye sehemu ni mwingine. Mwenye sehemu hana ufunguo. Mkusanyaji anakuja na ufunguo, anafungua sanduku la chini, ndani kuna mita inayoonyesha zilizoingia na zilizotoka, anapiga hesabu na kumpa mwenye sehemu asilimia yake walivyokubaliana, kubwa linaondoka. Kwa hiyo huyo wa shati la pasi muulizeni kwanza swali moja: mashine ni za kwako? Nina uhakika atababaika.

La pili ombeni namba za mashine na leseni ya kila moja. Mashine ya halali ina kibali cha Bodi, ya magendo haina kitu. Hizo mbili za kwenye puli tebo zilizokuja na guta usiku hata siulizi.

Na la tatu, chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, hiyo ni sheria ya nchi sio ombi. Ila mashine haina macho, inakula sarafu ya mia mbili ya babu na ya mjukuu sawasawa.

#7

Watu wanasema "kuna siku unakula". Kweli unakula. Ngoja niwafanyie hesabu ya darasa la saba. Tuseme mashine imepangwa irudishe 85 kwa kila 100, ni mfano tu, kila mashine imesetiwa kivyake. Umeingia na buku. Ukizungusha buku yote mara moja kwa wastani unabaki na 850. Unasema sijaliwa sana, unazungusha tena hiyo 850, unabaki na 722. Kwa sababu hakuna anayeondoka baada ya mzunguko wa kwanza, unazungusha kile ilichokurudishia. Ukifika mzunguko wa kumi buku yako imekuwa kama shilingi 197. Hujaibiwa, mashine haijaharibika, imefanya kazi yake. Ndo maana mwenye mashine hana haja ya kukutapeli, anahitaji wewe ukae tu. Feni ile ya kwenye fremu mnadhani ni ya nini.

#8

Mimi niko Lunga Lunga hapa Kenya, ng'ambo yenu ya Horohoro. Kwetu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imetaja wazi kwamba kamari na kasino ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa karatasi gavana na bunge la kaunti wana usemi. Kwa hivyo nashangaa nyinyi mnaombwa barua tu na bado mnatoka jasho. Lakini nisiwadanganye, usemi tunao na mashine zimejaa hadi kwenye vibanda vya mboga, polisi wakija zinafichwa wakiondoka zinatolewa. Nguvu ya kukataa na nguvu ya kusimamia ni vitu viwili.

#9

Nipo Uingereza mwaka wa kumi na moja, nichangie kidogo. Huku walipoweka sheria ya 2005 maduka ya kubeti yaliruhusiwa mashine nne tu kila duka. Mnajua kilichotokea? Kampuni ileile inafungua duka la pili hatua chache toka la kwanza, na la tatu mbele yake, mtaa mmoja una maduka kibao na kila moja lina mashine zake nne halali kabisa. Na maeneo yaliyoongoza ni ya wenye kipato kidogo, sio kwa matajiri. Halmashauri zikawa zinalia mikono imefungwa. Mashine hizo mtu aliweza kuweka hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, kelele zikapigwa miaka mpaka Aprili 2019 ikashushwa kuwa pauni 2. Toka 100 mpaka 2 wakuu. Kwa hiyo mjumbe mkisema "mashine kumi kwa fremu" ongezeni na "fremu moja kwa mtaa", la sivyo mwakani mna fremu nne.

#10

Na mimi niongezee la Illinois, Marekani, nimeishi huko. Walipitisha sheria 2009 kuruhusu mashine kwenye baa, mashine zenyewe zikawashwa Oktoba 2012. Ila waliweka kipengele kizuri, mji wowote ukitaka unasema hapana, na Chicago yenyewe ilikaa nje miaka mingi. Mji unaokubali ulipewa asilimia 5 ya kinachobaki kwenye mashine. Miji kadhaa iliyokataa mwanzoni kwa maneno makali ikaja kugeuka, bajeti ikibana na jirani anakula asilimia zake. Sisi kodi ya michezo ya kubahatisha inakusanywa na TRA, inaenda Mfuko Mkuu. Mtaa wa mjumbe haupati hata mia. Wenzenu waliuza kwa asilimia, nyie mnauza kwa viti.

#3

#10 umeongea vizuri ila umesahau kodi hiyo hiyo inajenga zahanati na barabara, na sehemu ya kodi ya kubeti inakwenda mfuko wa michezo. Coastal na African Sports nao wanataka kula. Tusijifanye hela ya TRA haiturudii.

#11

Wasomi mmeenda Marekani na kurudi, mimi nipo Makorora naongea ya nyumbani. Mume wangu ni dereva wa bajaji, ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu elfu ishirini kwa bosi. Mashine za kwao ziko kijiweni palepale wanapopaki. Asubuhi saa mbili hakuna abiria, watoto wameshaingia shule, watu wa ofisini wameshafika, madereva wamekaa. Hapo ndo anaingia na mia mbili mbili zake. Saa nne akikosa anatafuta kuzirudisha, saa sita anakula hesabu ya bosi, jioni ananipigia simu nimtumie za kuongezea ili bajaji isichukuliwe. Mimi nauza mihogo ya kukaanga na chachandu, hela ya mihogo ndo inalipa hesabu ya bajaji. Mara ngapi? Nimeacha kuhesabu.

Sitaki kusema mfunge, najua hamtafunga. Mimi ningekuwa kwenye hicho kikao ningesema neno moja: zifunguliwe saa kumi na moja jioni, basi. Jioni mtu ameshapeleka hesabu, anacheza kilicho chake. Na zisiwe kwenye kijiwe cha bajaji wala boda. Mtu akitaka aifuate kwa miguu.

#12

#11 dada umeongea kitu ambacho sijakisikia hata bungeni.

#13

Kidogo kuhusu sheria maana naona mjumbe anadhani ana rungu. Mtaa hauna rungu. Kijiji kina nguvu kuliko nyie, kijiji chini ya Sheria Na. 7 ya 1982 ni chombo kamili kisheria, kinaweza kutunga sheria ndogo zake, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini mko chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka uleule na sheria ndogo zinatungwa na halmashauri, yaani baraza la madiwani la jiji. Kwa hiyo masharti yenu ya saa na umbali yakiandikwa kwenye barua ni maombi. Yakitaka meno, yapelekeni kamati ya maendeleo ya kata, diwani ayabebe mpaka jiji. Inachosha, najua. Ila barua pia msiidharau, mtu akiambiwa aambatanishe barua na akaambatanisha ya kukataa, maombi yake yanakuwa na doa.

#14

Mleta uzi mbona kimya, hujatuambia wewe umekosa uhakika kwa nini. Ulisema "nilikuwa sina shida nalo". Kilibadilika nini? Au umeshapewa chako?

#15 (mleta uzi)

#14 umenichoma lakini haki yako. Nilitaka nisiseme, basi nitasema.

Kila mwenye duka hapa mjini anajua shida ya chenji. Mia mbili haipatikani. Bajaji wanaitaka, mama wa vitumbua anaitaka, kila mtu anakuja na noti ya elfu kumi kununua kiberiti. Mimi sina shida hiyo mwaka wa pili sasa, majirani wananionea wivu. Kwa sababu yule mkusanyaji wa mashine za puli tebo Jumatatu na Alhamisi anapitia kwangu na mifuko mitatu ya sarafu, kila mfuko sarafu mia moja za mia mbili, yaani elfu ishirini. Mimi nampa noti, yeye ananipa sarafu. Hanilipi wala simlipi. Yeye hataki kubeba chuma, mimi nataka chenji. Nikaona ni ujirani mwema.

Halafu mwezi juzi binti yangu mdogo alikuwa dukani anapaka rangi ya kucha, nyekundu ile ya kung'aa, akachukua sarafu ya mia mbili kwenye droo akaipaka upande wa simba. Nikamgombeza, rangi haikutoka, nikairudisha kwenye droo. Siku ile ile nikampa mama mmoja kama chenji ya sukari.

Alhamisi namwaga mifuko juu ya kaunta, naiona. Nyekundu. Nikacheka kabisa, nikamwita mke wangu aje aone. Ijumaa akaja dogo wa darasa la tano, sare ya shule bado iko mwilini, na buku mkononi, "shikamoo, naomba nichenjie mia mbili mbili." Nikampa tano na nyekundu ikiwemo. Sikuwaza kitu wallahi, dogo huyo huja kuchenji karibu kila siku, mimi nilidhani anatumwa na mama yake anayeuza barafu. Jumatatu mfuko wa pili, nyekundu ile pale.

Sikucheka. Nikaipitisha tena makusudi, kwa mtu mwingine kabisa, fundi viatu. Siku kumi ikarudi.

Ndo nikakaa nikapiga hesabu. Mifuko sita kwa wiki ni laki na ishirini, na hiyo ndo iliyobaki ndani baada ya walioshinda kushinda, na ni inayopita kwangu tu. Mashine mbili. Huyu anataka kumi. Zikila hivyo hivyo ni laki sita kila wiki, kutoka barabara ambayo mtu ananunua mafuta ya kupikia ya mia tano. Na zote zimetoka kwenye droo yangu kwanza. Mtoto ananiletea noti, namkatia vipande vinavyoingia kwenye tundu la mashine, mkusanyaji ananirudishia vipande, ananichukulia noti. Mimi ndo benki yao wakuu. Sijapewa chochote #14, ndo kinachoniuma, nafanya bure.

#16

Dah.

#6

Mjumbe hiyo ndo biashara ilivyo, kila kijiwe kina duka lake la chenji. Bila duka mashine inalala njaa. Sisi tulikuwa tukipewa eneo jipya cha kwanza tunatafuta duka, halafu ndo tunatafuta wachezaji.

#3

Bado nasimama palepale kuhusu watu wazima, ila huyo dogo wa sare nimekuelewa mkuu. Hapo hata mimi nafunga.

#17 (mleta uzi) MREJESHO

Samahani kuchelewa. Kikao kilikuwa Jumapili baada ya alasiri, uani kwa mwenyekiti, watu walijaa mpaka wengine wamekaa juu ya tofali. Jamaa wa shati la pasi alikuja na soda kreti tatu. Nikamuuliza swali la #6, mashine ni zako? Akasema "ni zetu." Zetu na nani? Akanywa soda.

Ilipofika habari ya viti 50 kuna bibi mmoja, mtu mzima sana, alisimama kwa fimbo akauliza hivyo viti vya msiba tutavikalia tukimzika nani. Watu walicheka halafu wakanyamaza. Ile kelele ya mwanzo ya "tunataka turubai" sikuisikia tena.

Nikayasoma ya humu. La #11 la saa kumi na moja jioni na kutoweka kwenye kijiwe lilishangiliwa kuliko yote, wanawake walipiga vigelegele, madereva wakainama. La fremu moja kwa mtaa likapita. Namba za mashine ziandikwe kwenye daftari la ofisi, na mtoto akionekana ndani mara moja barua inafutwa. Ustadhi wetu alisema yeye msimamo wake ni kukataa kabisa na iandikwe jina lake, ikaandikwa. Jumla kikao kikaamua barua isitoke kwanza, masharti yaende kwa diwani na kamati ya kata, na jamaa akikubali kuyasaini ndo tukae tena. Alisema atawasiliana na wenzake. Zetu.

Kisha kijana mmoja wa boda akanyoosha mkono, "na zile mbili za puli tebo zenyewe, na mjumbe anayezichenjia?" Kumbe walikuwa wanajua wote. Nikasimama nikasema ni kweli na kwamba nimeacha. Nilikuwa sijaacha, niliacha palepale niliposema.

Mkusanyaji Jumatatu kaja, nimemwambia hapana, kaenda duka la pili kwa jirani yangu ambaye amempokea kwa furaha. Mimi sasa chenji sina, narudisha pipi na viberiti, wateja wananinunia. Yule mama wa sukari jana kanirudishia pipi nne mezani, kasema hana meno ya kutafuna, anataka mia mbili yake. Droo nzima nimepekua, mia mbili ilikuwepo moja tu, ile nyekundu. Nimempa.

Mwenye nakala ya barua ya mtaa yenye masharti ya namna hii aitupie hapa tafadhali, mtendaji anasema miaka yote ameandika za "hatuna pingamizi" tu na hajui aanzeje. Kamati ya kata inakaa Alhamisi.